Umakini wa Mtoto na Urithi wa Skizofrenia

Skizofrenia ni ugonjwa wa akili unaomfanya mtu asikie sauti ambazo hakuna mwingine anayezisikia, ashikilie imani zisizotikisika hata mbele ya ushahidi, avurugikiwe na mpangilio wa mawazo na maneno, na mara nyingi apoteze ari ya kukaa na watu au kufanya kazi alizozipenda. Kwa kawaida dalili hizo hujitokeza kati ya mwisho wa ujana na miaka ya ishirini na kitu, na wanawake huchelewa kidogo kuliko wanaume. Kwa sababu hiyo jamaa wengi huuona ugonjwa kama jambo lililozuka ghafla, na katika Afrika Mashariki si ajabu lawama ikaelekezwa kwa mitihani migumu, bangi, jini au husuda ya jirani. Bangi kweli imo miongoni mwa mambo yanayoongeza hatari. Hata hivyo, utafiti wa zaidi ya nusu karne umeonesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa tofauti ndogondogo za umakini, kumbukumbu na wepesi wa viungo zilikuwapo tangu walipokuwa watoto wa shule ya msingi, miaka kumi au zaidi kabla ya sauti ya kwanza kusikika.

Tofauti hizo ziligunduliwa hasa kwa kuwafuatilia watoto wa wagonjwa, kundi ambalo wataalamu huliita la hatari kubwa kwa sababu ya nasaba. Ukubwa wa hatari hiyo umepimwa vizuri nchini Denmark, ambako rejista za taifa huwezesha kuunganisha kumbukumbu za hospitali za wazazi na za watoto wao kwa mamilioni. Mwaka 2010 Irving Gottesman, mwanasaikolojia wa Marekani aliyeshughulikia urithi wa skizofrenia kwa sehemu kubwa ya maisha yake, alichapisha pamoja na wenzake wa Denmark hesabu zilizoonesha kwamba kati ya watoto ambao hakuna mzazi wao aliyewahi kulazwa kwa ugonjwa huo, walioupata hawakufika asilimia 1. Kati ya wenye mzazi mmoja mgonjwa waliupata asilimia 7. Na pale wazazi wote wawili walipokuwa wagonjwa, kiwango kilipanda hadi asilimia 27. Tafiti za zamani zilitaja asilimia 13 kwa mzazi mmoja, kwa hiyo kadirio la mtoto mmoja kati ya kumi si baya kwa mazungumzo ya kawaida. Kadirio hilohilo linasema kwamba watoto wapatao tisa kati ya kumi hawataugua, nusu ya habari ambayo familia huisikia mara chache.

Kwamba hatari hiyo hupitia katika damu, na si katika malezi ya mzazi mgonjwa peke yake, kulithibitishwa kwa kuwachunguza watoto waliokulia mbali na wazazi wao. Mwaka 1966 Leonard Heston alichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 47 waliozaliwa na akina mama waliokuwa wamelazwa katika hospitali za akili za jimbo la Oregon nchini Marekani, wakatenganishwa nao siku chache tu baada ya kuzaliwa na kulelewa na watu wengine. Walipofikia utu uzima, 5 kati yao walikuwa wameugua skizofrenia, ilhali katika watoto 50 wa kulinganishwa, waliolelewa vivyo hivyo lakini mama zao hawakuwa wagonjwa, hakuugua hata mmoja. Kwa upande mwingine, pacha wa kufanana, ambao jeni zao ni zilezile, hawaugui wote wawili kila mara. Mmoja akiugua, mwenzake huugua katika takriban nusu ya matukio au pungufu ya hapo. Kinachorithiwa, basi, ni udhaifu, yaani utayari wa ubongo kuugua iwapo mambo mengine yatakutana nao, na udhaifu huo unaweza kukaa ndani ya mtu hadi kaburini bila kujionesha.

Swali lililowashughulisha watafiti tangu miaka ya 1960 lilikuwa kama udhaifu huo unaweza kuonekana kwa kipimo. Kumchunguza mgonjwa mtu mzima hakukutosha, kwa kuwa mtu aliyekaa wodini miaka mingi, anayetumia dawa nzito na aliyepoteza kazi na marafiki, akishindwa mtihani wa kumbukumbu haijulikani ni kipi kilichomwangusha. Njia iliyobaki ilikuwa kuwaendea watoto kabla hawajaugua, kuwapima, kisha kusubiri. Sarnoff Mednick na Fini Schulsinger walianza kazi hiyo jijini Copenhagen mwaka 1962 wakiwa na watoto 207 wa akina mama wagonjwa na wengine 104 wa kulinganisha. Tumaini lao la awali lilikuwa katika jasho la ngozi, linalobadilika mtu anaposhtuka, lakini matokeo ya kipimo hicho hayakurudiwa kwa uthabiti na watafiti wengine, na leo mradi huo unakumbukwa zaidi kwa kufungua njia.

Mradi uliozaa matunda mengi zaidi kuhusu utambuzi, yaani uwezo wa ubongo kupokea taarifa, kuzishika, kuzipanga na kuzitumia, ulianzishwa jijini New York mwaka 1971 chini ya uongozi wa mtaalamu wa jenetiki L. Erlenmeyer-Kimling wa Taasisi ya Tiba ya Akili ya Jimbo la New York. Watoto walikuwa na umri wa miaka 7 hadi 12 walipopimwa mara ya kwanza, na waligawanyika katika makundi matatu: wenye mzazi mwenye skizofrenia, wenye mzazi mwenye ugonjwa mkubwa wa hisia kama vile sonona kali, na wenye wazazi wasio na ugonjwa wa akili. Kundi la kati liliwekwa kwa hekima, kwa sababu bila hilo ingekuwa vigumu kujua kama kasoro itakayoonekana ni ya skizofrenia hasa au ni athari ya kukulia katika nyumba yenye mzazi mgonjwa wa aina yoyote.

Miongoni mwa vipimo vilivyotumika, kilichopata umaarufu ni kile cha umakini endelevu, ambacho asili yake ni ya mwaka 1956, kilipobuniwa na Rosvold na Mirsky pamoja na wenzao ili kutambua majeraha ya ubongo. Katika umbo lake la kwanza herufi hupita moja baada ya nyingine mbele ya mtu, kila moja kwa muda mfupi kuliko sekunde, naye hutakiwa kubonyeza kitufe aonapo herufi ya X tu, au, katika hatua ngumu zaidi, aonapo X iliyotanguliwa na A. Watafiti wa New York waliwaonesha watoto picha za karata na kuwataka wajibu pale karata mbili zinazofuatana zinapofanana, jambo linalomlazimu mtoto kuishika kichwani karata iliyopita huku akiitazama inayokuja. Kazi hiyo inachosha, nayo inachosha kwa makusudi, kwa sababu uchovu ndio unaofichua kama umakini unaweza kudumu.

Namna ya kuhesabu matokeo yake inastahili kuelezwa. Mtoto anayebonyeza kitufe kila mara atapata shabaha zote, na mtoto mwoga asiyebonyeza isipokuwa ana uhakika kamili hatakosea hata mara moja; wa kwanza anaweza kuonekana hodari na wa pili mzembe ilhali uwezo wao wa kutofautisha ni mmoja. Kwa hiyo wapimaji huhesabu majibu sahihi pamoja na majibu ya pupa, kisha huyaunganisha katika kiwango kimoja kinachotenganisha uwezo wa kuona tofauti na tabia ya kuthubutu au kusitasita. Ni kiwango hicho cha uwezo kilichoelekea kuwa chini kwa watoto wa wazazi wenye skizofrenia. Barbara Cornblatt, aliyefanya kazi katika mradi huo, baadaye aliunda toleo gumu zaidi linalotumia tarakimu na maumbo, kwa sababu toleo jepesi halikuwatenganisha vizuri watoto wakubwa na watu wazima.

Pamoja na umakini, watoto walipimwa kumbukumbu ya maneno na tarakimu, na pia mijongeo mikubwa ya mwili inayodai usawa na uratibu wa viungo. Kisha ulifuata usubirifu wa karibu miaka thelathini. Mwaka 2000, watoto wale wakiwa watu wazima, Erlenmeyer-Kimling na wenzake walitoa jibu lililosubiriwa: kati ya watoto wa wazazi wenye skizofrenia ambao hatimaye waliugua ugonjwa huo au maradhi ya jamii yake, asilimia 83 walikuwa wameonesha udhaifu wa kumbukumbu ya maneno utotoni, asilimia 75 udhaifu wa mijongeo, na asilimia 58 udhaifu wa umakini. Kasoro hizo hazikuwa za kawaida kiasi hicho katika familia zenye maradhi ya hisia.

Asilimia 83 ni namba inayolevya, na ni hapa ambapo msomaji, mzazi au daktari anapaswa kusimama kidogo na kufanya hesabu. Kipimo hichohicho cha kumbukumbu kiliwaweka katika kapu la hatari asilimia 28 ya watoto wa wagonjwa ambao hawakuugua kamwe. Wakichukuliwa watoto 100 wenye mzazi mmoja mgonjwa, na ikikadiriwa kwamba 10 kati yao wataugua, kipimo kitawanasa wapatao 8 na kuwakosa 2. Lakini kati ya wale 90 watakaobaki salama, kitawanasa 25. Watoto 33 watakuwa wametajwa, na 25 kati yao, yaani watatu katika kila wanne, watakuwa wametajwa bure. Umakini ulitoa kengele za uongo chache zaidi, asilimia 18, lakini nao uliwaacha wengi waliougua. Na watafiti walipodai mtoto awe na kasoro zote tatu kwa pamoja ndipo ahesabiwe, nusu ya waliougua baadaye walipita bila kutambuliwa. Izingatiwe pia kwamba walioishia kuugua katika mradi mzima ni wachache, kiasi kwamba mtu mmoja au wawili tu wangeweza kuzisogeza asilimia hizo kwa kiasi cha kuonekana.

Je, wale 25 walikuwa makosa ya kipimo? Si lazima. Mwaka 1989 Gottesman na Aksel Bertelsen walichapisha uchunguzi wa watoto wa pacha wa kufanana wa Denmark, ambao mmoja wao alikuwa na skizofrenia na mwenzake alikuwa mzima, wakakuta kwamba watoto wa yule mzima walikuwa katika hatari sawa na watoto wa yule mgonjwa. Yule mzima, pamoja na kwamba hakuwahi kusikia sauti yoyote, alikuwa amebeba udhaifu wote na kuupitisha kwa kizazi chake. Huenda basi mtoto anayeshindwa kipimo cha kumbukumbu na asiugue ni mbebaji wa kweli wa kile kinachopimwa. Mkanganyiko mwingi katika mjadala huu hutokana na kuchanganya maswali mawili, la kwanza likiwa kama mtoto amerithi sehemu ya udhaifu wa familia, na la pili kama mtoto huyo ataugua. Vipimo vya utambuzi vina cha kusema kuhusu swali la kwanza. Kuhusu la pili vinajua kidogo, na anayevitumia kulijibu anavitwisha mzigo usio wao.

Gottesman na mwenzake James Shields walikuwa wamelitambua hilo mapema miaka ya 1970, walipopendekeza kutafutwa kwa alama za kati, yaani sifa zinazokaa katikati ya jeni na ugonjwa, zinazorithiwa katika familia na kuonekana hata kwa ndugu walio wazima. Mfano mmojawapo ni namna macho yanavyofuata kitu kinachotembea polepole. Philip Holzman alionesha mwaka 1973 kwamba macho ya wagonjwa wengi hayafuati bembea ya saa kwa ulaini bali kwa kurukaruka, na kasoro hiyo ilikutwa pia kwa jamaa zao wa karibu wasio na dalili yoyote.

Kazi ya New York imepata mrithi mkubwa zaidi nchini Denmark. Katika mradi uitwao VIA 7, uliofanyika kati ya 2013 na 2016, watafiti wakiongozwa na madaktari Anne Thorup na Merete Nordentoft waliwapima watoto 522 wa umri wa miaka 7, wakiwamo 202 wenye mzazi mwenye skizofrenia na 120 wenye mzazi mwenye ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, unaojulikana kwa jina la baipola. Watoto wa kundi la kwanza walikuwa nyuma ya wenzao katika kasi ya kuchakata taarifa, yaani wepesi wa kuona, kuelewa na kujibu, na katika kumbukumbu ya kazi, ile inayomwezesha mtu kushika jambo akilini huku akilifanyia kitu, kama anayejumlisha bei za vitu dukani bila karatasi. Watoto wa wazazi wenye baipola hawakutofautiana na wale wa familia zisizo na magonjwa hayo, matokeo yanayotilia nguvu kwamba si kila ugonjwa wa mzazi unaoacha alama hiyo. Pengo lenyewe lilikuwa la wastani, na makundi yaliingiliana sana, kiasi kwamba watoto wengi wa wagonjwa walifanya vizuri kuliko baadhi ya watoto wa wazima.

Mazingira nayo yana sauti. Katika utafiti wa Finland ulioongozwa na Pekka Tienari, watoto waliozaliwa na mama wenye skizofrenia na kuasiliwa na familia nyingine walipatwa na maradhi ya jamii ya skizofrenia zaidi pale familia iliyowalea ilipokuwa na mivutano na mawasiliano yaliyovurugika, ilhali malezi ya aina hiyohiyo hayakuwadhuru kwa kiasi hicho watoto wasio na urithi huo. Si kila dhana kuhusu malezi mema iliyothibitika, hata hivyo. Huko Israel, watafiti waliotarajia kwamba watoto wa wagonjwa waliolelewa kwa pamoja katika vijiji vya kibbutz wangenusurika kuliko wale wa mjini walikuta kwamba wa kibbutz ndio waliopatwa na matatizo mengi zaidi ya akili, hasa ya hisia.

Kuhusu jeni zenyewe, matumaini ya kupata moja inayobeba lawama yalikwisha zamani. Uchambuzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2022 ulitaja maeneo 287 ya jenomu yanayohusiana na skizofrenia, mengi yakichangia kiasi kidogo mno kila moja. Alama za hatari zinazojumlisha michango hiyo zimetengenezwa zaidi kwa damu ya watu wenye asili ya Ulaya, na hufanya kazi vibaya zinapotumiwa kwa Waafrika. Mradi wa NeuroGAP-Psychosis, unaohusisha Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, na ambao nchini Kenya umefanyika kupitia Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome cha Kilifi, ulianzishwa ili kupunguza pengo hilo.

Pengo la vipimo vya utambuzi halizungumzwi sana, nalo si dogo. Kipimo cha kurudia tarakimu, kwa mfano, humtaka mtoto asikilize mfululizo wa namba na kuurudia, ukirefushwa hadi ashindwe. Watafiti Ellis na Hennelly walionesha mwaka 1980 kwamba watu wa Wales wanaojua lugha mbili hukumbuka tarakimu chache zaidi katika Kiwelshi kuliko katika Kiingereza, kwa sababu tu tarakimu za Kiwelshi huchukua muda mrefu kutamkwa na kumbukumbu ya muda mfupi huhifadhi kile kinachoweza kutamkwa ndani ya sekunde chache. Tarakimu za Kiswahili kuanzia moja hadi tisa zina silabi mbili kila moja, ilhali karibu zote za Kiingereza zina silabi moja. Mtoto wa Tanga akipimwa kwa Kiswahili na alama zake zikasomwa kwa jedwali lililotengenezwa Marekani, anaweza kuonekana mwenye kumbukumbu dhaifu bila kuwa nayo. Vivyo hivyo kipimo cha herufi zinazopita kwa kasi kwenye kioo cha kompyuta humdai mtoto uzoefu wa maandishi na vioo, mambo ambayo hayakugawiwa kwa usawa kati ya mjini na shamba. Kabla kipimo chochote hakijasema lolote kuhusu urithi wa mtoto wa Afrika Mashariki, sharti kwanza watoto wengi wa kawaida wa hukohuko wapimwe ili ijulikane kawaida ni ipi.

Hadi sasa hakuna kipimo cha utambuzi kinachokubalika hospitalini kwa ajili ya kumtabiria mtoto mmojammoja skizofrenia, na kwa kuangalia hesabu zilizotangulia ni vyema hali ikabaki hivyo. Mtoto aliyetajwa bure hubeba jina ambalo shule, wakwe watarajiwa na majirani hawatalisahau, na mzazi ambaye tayari anajilaumu kwa ugonjwa wake huongezewa mzigo wa pili. Lakini kutotabiri si sawa na kutopima. Mtoto mwenye kasi ndogo ya kuchakata taarifa anahitaji muda wa ziada kwenye mtihani na maelekezo yanayotolewa moja baada ya jingine, iwe ataugua baadaye au hataugua, na mahitaji hayo mwalimu anaweza kuyatimiza bila kuambiwa lolote kuhusu ugonjwa wa mzazi.

Kuna pia dalili kwamba kipimo cha mara moja ndicho kilichokuwa na kasoro, na kwamba mwendo wa miaka unaweza kueleza zaidi. Katika mji wa Dunedin nchini New Zealand, watoto 1,037 waliozaliwa kati ya 1972 na 1973 wamefuatiliwa tangu utotoni, na uchambuzi wa Abraham Reichenberg na wenzake wa mwaka 2010 uligundua kwamba walioishia na skizofrenia walikuwa na mwenendo wa aina mbili: katika ufahamu wa maneno walikuwa nyuma tangu umri wa miaka 7 na wakabaki nyuma kwa kiasi kilekile, lakini katika kasi ya kuchakata taarifa na kumbukumbu ya kazi walikua polepole kuliko wenzao, hivyo umbali ukazidi kadiri walivyokaribia miaka 13. Watoto wa Denmark walipopimwa tena wakiwa na umri wa miaka 11, kundi la watoto wa wagonjwa lilikuwa limekua sambamba na wengine bila pengo kuongezeka wala kupungua. Wastani wa kundi, hata hivyo, unaweza kuwaficha wachache wanaobaki nyuma zaidi kila mwaka, na kama wachache hao ndio watakaougua, jambo hilo litajulikana kwa kuwafuatilia watoto haohao wa VIA, ambao katika mwongo huu wanaingia katika umri ambao skizofrenia huanza.